Njia ya Shanga Nyeupe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ni siku niliyosimama mbele ya boma la watu kule Kisaju, kitambaa changu kikiwa kwapani, nikasalimiwa na nyanya mmoja wa Kimaasai, nikamjibu, naye akacheka mpaka akakaa chini. Kaa na wewe. Hiyo simu irudishe mfukoni kwanza. Umeniambia unataka kukipiga picha kile kitambaa changu cha kanisani, ukichapishe vilevile kilivyo, mkitundike katika kanisa jipya mnalojenga ninyi vijana huko Kisaju. Umeniheshimu, nimefurahi, asante. Lakini ruhusa bado sijakupa. Kunywa chai yako nikuambie kwa nini.

Mimi nilikuja Kitengela miaka ya tisini, nikiwa msichana aliyeolewa juzijuzi. Wafula wangu alikuwa amepata kazi kiwandani Athi River, akapanga chumba hapa Noonkopir, akaniita. Mama yangu kule Bungoma akanifungia sanduku, akaniwekea nyuzi na sindano zangu za kudarizi, na juu ya hayo yote akanipa kuku mwekundu. "Huwezi kuanza nyumba mikono mitupu," akasema. Basi niliposhuka stejini, upepo wa Kitengela, na wewe unaujua haunaga adabu, ukanivua kitambaa cha kichwa. Mimi nikikimbilia kitambaa, kuku naye huyo! Akaingia katikati ya punda wa maji, punda wakaruka, mitungi ikaanguka, wenye punda wakanitukana kwa lugha ambazo nashukuru sikuzielewa.

Akina mama wa Kimaasai waliokuwa wakiuza maziwa kando ya barabara wakaacha maziwa yao wakaja kumfukuza kuku wangu. Aliyemkamata alikuwa mama mmoja mrefu, mtu mzima, masikio yamejaa shanga. Akanikabidhi kuku yule polepole, kwa mikono miwili, utafikiri ananipa mtoto mchanga, akaniambia, "Takwenya." Nikaona basi hiyo ndiyo salamu ya hapa. Nikamrudishia kwa furaha, "Takwenya!" Akanitazama, akatabasamu, akarudi kwa maziwa yake.

Huyo ndiye Koko Nasieku. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na mji mzima ulimwita hivyo.

Jumapili iliyofuata nikamkuta tena kanisani. Wakati huo kanisa letu lilikuwa la mabati matupu, jua likiwaka unachomeka, mvua ikinyesha mahubiri yanasimama maana hakuna anayesikia. Lakini nyuma ya madhabahu kulikuwa na kitu sijawahi kuona Bungoma wala popote. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa, imeshonewa shanga juu yake. Katikati boma la Kimaasai, mviringo kabisa, uzio wake wa miiba umetengenezwa kwa shanga za kahawia. Ndani ya boma kondoo weupe, na mchungaji amesimama na fimbo yake, shuka nyekundu begani. Uso hakuwekewa. Ukimwangalia unajua ni nani. Mlango wa boma ulikuwa wazi, na kutoka mlangoni ilitoka njia ya shanga nyeupe, nyembamba, ikaenda ikaenda mpaka ukingo wa ngozi, ikaishia hapo.

Ngozi hiyo waliishona Koko na marafiki zake wawili, wale wa kwanza kubatizwa upande huu, wakati sala zilikuwa zinafanyiwa nyumbani kwake. Wenzake walikuwa wamekufa nilipofika. Kila Jumapili Koko aliketi mbele kabisa, na kabla ya kuketi aliigusa ile ngozi kwa kiganja, mahali pawili, halafu ndipo anakaa. Mimi niliona, lakini sikuuliza. Mgeni haulizi kila kitu.

Na mgeni nilikuwa kweli. Usione leo nasalimiwa kila kona. Siku zile Wafula akienda kazini nilibaki chumbani nikisikiliza upepo ukipiga mabati, nikiwaza nyumbani, nikilia kidogo, nikishona. Kushona nilifundishwa na mama. Kwetu, ukuta wa sebule bila kitambaa chenye neno la Mungu ni kama umelala uchi. Mama alidarizi kondoo, akadarizi njiwa, akazungushia maua na maandiko. Sifa za mkono wangu zikatoka chumbani zikafika kanisani.

Sasa, miaka michache baadaye tukapata kanisa la mawe. Kipya kinyemi! Watu walikuwa na furaha mpaka mzee mmoja akaubusu ukuta. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Mbithi, Mkamba wa Machakos, mtu mzuri sana, ila alikuwa anapenda vitu vinyooke. Aliweza kusimamisha kwaya katikati ya wimbo kwa sababu benchi limekaa upande. Huyo ndiye aliyekuja kwangu akaniambia, "Mama, ile ngozi imechakaa. Imeliwa na wadudu pembeni, na mvua ikinyesha inanuka. Ukuta mpya nimeuachia nafasi ya kitu kimoja, katikati. Tutengenezee kitambaa kizuri cha siku ya ufunguzi."

"Na ngozi?" nikamuuliza.

"Itakaa stoo salama. Hatuitupi."

Mwanangu, nilifurahi vibaya. Nilichaguliwa mimi, mgeni, mwenye kuku! Nikajiambia nitafanya kitu cha kumheshimu Koko. Nitaishona ngozi yake upya, kwa uzi, kwenye kitambaa cheupe safi, nisikose hata ushanga mmoja. Nikawa naenda kanisani mchana kukiwa kutupu, napiga magoti, napima kwa kamba, nahesabu shanga kwa kidole mpaka macho yanatoa maji. Wafula akawa anakula ugali na maziwa lala kila siku kwa sababu sina nafasi ya kupika mboga. Hakulalamika, ila alianza kuwasalimia wenye vibanda vya mboga kwa huzuni.

Nilipomaliza, nilikuwa nimetoa nakala ambayo hata wewe na mashine yako hamtaishinda. Nikaikunja, nikaiweka kwapani, nikaenda Kisaju kumwonyesha mwenyewe.

Koko alikuwa nje ya nyumba yake anatunga shanga. Akaniona toka mbali. "Takwenya!" akaita.

"Takwenya!" nikajibu kwa nguvu.

Akasita. "Takwenya," akasema tena, taratibu.

"Takwenya," na mimi taratibu.

"Takwenya!"

"Takwenya!"

Hapo ndipo akacheka mpaka akakaa chini. Mkaza mwanawe akatoka ndani na mwiko mkononi kuona kuna nini, akaambiwa kwa Kimaasai, naye akashika mlango akacheka. Mimi nikacheka pia, maana watu wakicheka utafanya nini? Lakini sikujua tunacheka nini. Nikapewa chai, nikanywa, nikatandaza kitambaa changu juu ya nyasi.

Kicheko kikakatika. Koko akakiinamia. Akapitisha kidole kwenye uzio, kwa kondoo, kwa mchungaji, kwa njia. Nilikuwa nangoja sifa, nimeshakaza shingo kuzipokea. Akainua uso akaniambia, "Takwenya."

"Takwenya, Koko."

"Na hii kitambaa yako pia," akasema. "Mimi nasema takwenya, hii inaniambia takwenya. Sasa tutakaa hapa namna hiyo mpaka ng'ombe irudi?"

Akanishika mkono. "Enkerai ai," mtoto wangu, "mama akikuambia takwenya, unasema iko. Iko! Ndio najua umesikia. Ukinirudishia maneno yangu, mimi naona hapa hakuna mtu, ni mlima tu inarudisha sauti."

Kumbe miaka yote hiyo, kila Jumapili, nilikuwa namrudishia mama wa watu salamu yake mwenyewe! Na hakuna aliyenirekebisha. Walidhani ndivyo sisi Waluhya tulivyo.

Lakini Koko alikuwa hajamaliza, na sasa hakuwa anacheka. "Mbithi aliniambia ukuta iko na nafasi ya kitu moja. Wewe ukipeleka hii, imefanana na yetu, ni safi, haina harufu. Yetu itafanya kazi gani tena? Itaenda kulala na majembe. Unajua kwa nini naishika kila Jumapili? Huyu kondoo ilishonwa na Simaloi. Huu uzio ulishonwa na Naserian. Nawasalimia. Mimi peke yangu ndio nimebaki, na wao wako pale kwa ukuta. Usinitolee watu wangu."

Machozi yakanijaa. Nikamuuliza, ili nisilie, "Na hii njia, Koko? Mbona mliikatia hapa ukingoni? Ngozi iliisha?"

"Ngozi ilikuwa kubwa, hata tulikata ingine tukafanya viatu," akasema. "Njia tuliacha hivyo. Tulikuwa watatu tu kwa sala. Tulijua Mungu hakutengeneza boma kubwa namna hiyo kwa watu watatu. Kuna watu hawajafika. Tutawashona namna gani, na hatujui sura yao?"

Nikamuaga nikaondoka. Na nisikudanganye, mwanangu, barabarani nilikasirika. Nilikasirika sana! Nilipiga mawe mateke. Kazi yote ile, macho yote yale, halafu naambiwa mimi ni mlima? Nilipofika nyumbani nikamwambia Wafula sishoni tena, Mbithi atundike kalenda. Wafula akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa wewe Nekesa, ulipofika hapa mara ya kwanza, ulifika kwa njia gani?"

"Si nilikuja na basi na kuku!" nikamfokea.

Nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Usiku huo Wafula alipika mwenyewe.

Nilianza upya. Safari hii sikupima wala kuhesabu. Nilichukua kitambaa kirefu cha rangi ya udongo wa hapa kwetu, na pembeni mwake, kwa kimo nilichokuwa nimepima mwanzo, pale njia ya Koko ilipoishia, nikaanzisha njia ya uzi mweupe. Juu ya hiyo njia nikashona watu wanakuja. Nikashona mama wa Kikamba na kiondo chake kichwani. Nikashona baba wa kiwandani na kofia ya kazi, viatu vimejaa vumbi la saruji. Nikashona watoto wanagombana, maana safari gani haina watoto wanaogombana? Na nyuma kidogo nikashona msichana ameshika kichwa upepo usimvue kitambaa, na mbele yake kuku mwekundu anakimbia, mabawa wazi, anamtangulia kwenda kwa Mungu. Nilicheka peke yangu nikimshona yule kuku. Njia yenyewe nikaipitisha mpaka ukingo wa pili, nikaiacha wazi.

Siku ya kutundika, Mzee Mbithi alikuja na ngazi, nyundo, kamba ya kupimia, na msumari mmoja. Koko alikuwa ameketi mbele, mahali pake, na ngozi imekunjwa magotini. Alikuwa amekuja kuichukua aende nayo nyumbani, kuliko iende stoo. Hakuwa ameona nilichoshona. Na mimi najua Mbithi akisema hapana, basi.

Mbithi akatundika kitambaa changu katikati, akarudi nyuma, akafunga jicho moja. "Ni kizuri," akasema. "Lakini hawa watu wanaenda wapi?"

Nikamwachia akitazame mwenyewe.

Akakisogeza. Akarudi nyuma tena. "Wote wanakimbilia ukuta. Hata kuku. Mama, hii haijaisha. Hapa kuna kitu kinakosekana."

"Kipo, Mzee," nikasema. "Kimekaa hapo kwa magoti ya Koko."

Mbithi alimtazama Koko, akanitazama mimi. Halafu akaenda, akainama, akaiomba ngozi kwa mikono miwili. Akaipeleka ukutani mwenyewe, akaishikilia kando ya kitambaa changu. Njia ya shanga ikakutana na njia ya uzi. Hapo hata mtu aliyekuwa hajawahi kuingia kanisani angejua watu wale wanaenda wapi, na nani anawangoja, na mlango umefunguliwa tangu lini.

Mzee Mbithi alikaa hivyo, mikono juu, muda mrefu kuliko umri wake ulivyomruhusu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Leteni msumari mwingine."

Koko akaja karibu. Akagusa kondoo wa Simaloi, akagusa uzio wa Naserian, akafuata njia kwa kidole, akavuka kutoka kwa shanga kuingia kwa uzi, akampita Mkamba, akawapita watoto, akafika kwa kuku. "Hii naijua!" akapiga kelele. "Hii nilishika mimi kwa mikono yangu!" Akacheka, kanisa likajaa kicheko chake, na Mbithi naye, ameshapanda ngazi na msumari wa pili, akacheka mpaka tukamwambia ashuke asituangukie. Halafu Koko akanigeukia. Alikuwa na machozi. "Takwenya," akasema.

"Iko," nikamjibu. Na siku hiyo, mwanangu, nikawa mtu wa hapa.

Koko alizikwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na ngozi yake iko ukutani mpaka leo. Wadudu tuliwapiga vita kwa mafuta ya taa na maombi. Baadaye kidogo akaja fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, kijana anaitwa Mutua, akaniomba kiolezo cha kuku wangu amtie kwenye mlango mpya wa kanisa. Nikamkatalia, akanuna. Nikamwambia kama ninavyokuambia wewe. Ule mlango wa chuma unaoupenda, wenye punda wa maji wanaingia na mitungi yao na mmoja amegoma, ndilo jibu lake. Ukisimama nje unawaona punda, ukiingia unaona njia yangu, ukifika mbele unaona boma la Koko. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Sasa nasaha yenyewe, uibebe. Mtu akibisha hodi mlangoni, wewe hujibu hodi. Unajibu karibu, hata kama sufuria ni tupu. Kazi za mikono ya wazee, zile walizozifanya wakimtafuta Mungu, ni hodi wanatupigia. Ukizitupa stoo, umewafungia mlango. Na ukizitoa nakala, hata iwe nzuri namna gani, umebaki kurudisha sauti, na mbaya zaidi, unaweza kumwondoa mzee ukutani huku ukidhani unamheshimu. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, na mimi sibishi. Lakini kushika mila si kuiga mila. Kaa mbele ya kile kitu mpaka ujue kinakuuliza nini. Halafu jibu kwa mkono wako, na kwa kile ulichokuja nacho, hata kama ulikuja na kuku. Usione haya. Mungu hajawahi kumrudisha mtu kwa sababu ya kuku.

Na ukimaliza, acha njia wazi ukingoni. Kuna watu hawajafika.

Kwa hiyo picha usipige. Njoo Jumapili, keti mbele ya kitambaa changu, utafute pale njia inapoishia. Wewe umezaliwa hapahapa Kitengela, hukuja na basi. Sijui kwako njia inatoka wapi, na natamani kuiona kabla sijafa. Usininyime.

Lete kichwa nikubariki. Kila nikisema, itikia "Naai," ndiyo amina ya Kimaasai, kama Koko alivyotuzoesha sisi sote, Waluhya na Wakamba. Mungu akupe mkono usiochoka. Akupe jicho linaloona kilichoachwa wazi. Akupe ukuta, na fundi mwenye nyundo asiye mkali. Akupe kicheko ndani ya kazi yako. Akuzeeshe, mpaka na wewe uje kuombwa na mtoto, na umnyime kwa upendo.

Haya. Nakusalimia, mwanangu: takwenya. Usinijibu kwa mdomo. Nenda Kisaju ukanijibie ukutani.